Kuifuata Dhoruba Ubaoni: Somo la Kimbunga cha Mwanzo wa Msimu kwa Shule za Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Utangulizi

Katika shule zetu za msingi somo la hali ya hewa aghalabu hufundishwa kana kwamba hali ya hewa ni kitu kilichosimama. Mwanafunzi hutajiwa aina za mawingu, aina za mvua na aina za upepo; huzinakili daftarini, na siku ya mtihani huzirudisha kama alivyozipokea. Mwanafunzi huyo amejua majina, lakini hajaijua hali ya hewa yenyewe, kwa kuwa hali ya hewa ni mwendo. Wingu lililopo Lituhi asubuhi halipo tena jioni, na upepo unaovuma Mbamba Bay usiku siyo ule uliovuma mchana.

Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha walimu wanachuo njia moja ya kuufundisha mwendo huo, nayo ni kuifuata dhoruba moja, siku kwa siku, tangu kuzaliwa kwake baharini mpaka kufa kwake nchi kavu. Zana zinazohitajika ni chaki, rula, karatasi, uzi na bahasha sita. Mwalimu mwenye redio au simu atafaidika zaidi, lakini asiye navyo hatashindwa.

Dhoruba tuliyoichagua ni kimbunga Chido cha Desemba 2024. Tumekichagua kwa sababu tatu. Kwanza, kilikuwa kimbunga cha mwanzo wa msimu. Pili, kilisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi katika latitudo zisizo mbali na zetu, na mwishowe kikaingia Malawi, nchi tunayoshirikiana nayo ziwa. Tatu, safari yake imekwisha, kwa hiyo mwalimu anaweza kuipanga upya darasani bila ya kuwatia watoto hofu.

Shabaha ya Somo

Hapana budi mwalimu ajue tangu mwanzo anataka nini. Kulijua jina la kimbunga ni jambo dogo. Shabaha kubwa ni mwanafunzi aweze kutenga mambo matatu ambayo watu wazima wengi huyachanganya: jambo lililoonekana na kupimwa, jambo lililotabiriwa, na jambo linalosemwa tu. Katika pwani ya Ziwa Nyasa, ambako baba na kaka wa wanafunzi wetu huvua usipa usiku, kuyachanganya mambo hayo kunaweza kuwa na gharama kubwa. Anayepuuza taarifa ya kweli huenda asirudi. Anayekimbilia kila uvumi hushinda na njaa, na baada ya mara tatu nne hataisikiliza tena taarifa yoyote.

Mambo Ambayo Mwalimu Hana Budi Kuyajua Kabla ya Somo

Kimbunga cha bahari huzaliwa juu ya maji ya bahari yenye joto la kiasi cha digrii 27 za Selsiasi au zaidi. Maji hayo hugeuka mvuke; mvuke hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, na katika kugeuka huko hutoa joto linaloisukuma hewa ipande zaidi. Chini panabaki mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya pande zote hukimbilia hapo. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja bali hupinda. Kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Karibu kabisa na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, na ndiyo sababu vimbunga havizaliwi hapo.

Mfano wa sufuria husaidia sana. Bahari yenye joto ni meko, na kimbunga ni sufuria inayotoa mvuke. Kimbunga kinapoingia nchi kavu ni kama sufuria iliyoepuliwa: mvuke hauishi papo hapo, lakini hauongezeki tena. Mwanafunzi aliyewahi kupika ugali atalielewa jambo hili mara moja.

Wanafunzi wa pwani watauliza, na ni haki yao, kama Ziwa Nyasa linaweza kuzaa kimbunga chake. Jibu ni hapana. Kimbunga huhitaji mamia ya kilomita za maji yenye joto kila upande, na ziwa letu, ingawa ni refu, upana wake hauzidi kilomita 80. Hata hivyo mwalimu asiwaache wadhani kwamba ziwa ni salama. Upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao ng'ambo nchini Malawi huitwa mwera, huvuma wakati wa kiangazi na huinua mawimbi makubwa. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa hili wakati wa upepo wa namna hiyo, na watu 145 walipoteza maisha. Ziwa lina dhoruba zake, na bahari ina zake.

Katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Vimbunga vinavyokumbukwa zaidi nchini mwetu vilikuja mwishoni mwa msimu: kile kilichopiga Unguja Aprili 1872, kile cha Lindi Aprili 1952, Kenneth kilichotua Cabo Delgado karibu na mpaka wetu Aprili 2019, na Hidaya kilichofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kukitazama kimbunga kama jambo la masika. Chido kilitukumbusha kwamba hata Desemba, wakati mvua za msimu ndiyo kwanza zinaanza Ruvuma na mahindi yangali machanga, bahari huwa tayari ina joto la kutosha.

Kimbunga cha Desemba kina tatizo jingine kwa mwalimu: kwa kawaida shule zetu huwa zimefungwa. Watoto wako nyumbani, wengine shambani, wengine ufukweni. Yafaa basi somo lifundishwe Oktoba au Novemba, kabla ya kufunga shule, ili mtoto aende likizo akiwa na maarifa hayo kichwani.

Kuchora Ramani

Chora ubaoni mistari ya latitudo kuanzia ikweta hadi 20 kusini, na ya longitudo kuanzia 30 hadi 75 mashariki. Kila digrii iwe sentimeta 2. Ramani yako itakuwa na upana wa sentimeta 90 na kimo cha sentimeta 40, nayo itaonekana na mwanafunzi wa nyuma kabisa. Kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, wanafunzi watajua kwamba sentimeta 2 za ubaoni ni karibu kilomita 111 za duniani. Kwa latitudo zetu kipimo hicho chafaa pia kwa longitudo, maana tofauti ni ndogo.

Waite wanafunzi waje mmoja mmoja waweke alama za mahali: Mbamba Bay (latitudo 11.3, longitudo 34.8), mji wa Mbinga (10.9 na 35.0), kisiwa cha Agaléga (10.4 na 56.6), Mayotte (12.8 na 45.2), na Mecúfi katika pwani ya Msumbiji (13.3 na 40.6). Waanze na kwao. Mtoto aliyekwisha kuiweka Mbamba Bay kwa mkono wake mwenyewe atayatazama mengine yote kwa kuuliza, "Je, ni mbali kiasi gani na sisi?"

Kata pia duara la karatasi, ulichoree mishale inayozunguka kwa kufuata mishale ya saa, ulitoboe katikati kwa mwiba. Hicho ndicho kimbunga chetu.

Bahasha Sita

Hapa ndipo ulipo moyo wa somo. Mwalimu aandike habari za kila siku katika karatasi yake, azitie katika bahasha zenye tarehe, wala asiwaambie wanafunzi mwisho wa safari. Bahasha hufunguliwa moja moja. Kabla ya kufungua inayofuata, kila kundi hukisia duara litahamia wapi na kueleza sababu.

Bahasha ya kwanza, tarehe 9 Desemba: dhoruba imepewa jina, ingali mashariki ya Agaléga katikati ya bahari. Eleza kwamba katika eneo letu la bahari dhoruba hupewa jina inapofikia upepo wa kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili inapofikia kilomita 118 kwa saa. Majina hufuata alfabeti. Chido, kwa kuanza na C, ilikuwa dhoruba ya tatu kupewa jina katika msimu huo.

Bahasha ya pili, tarehe 11: kimbunga kimekipiga kisiwa cha Agaléga, ambacho ni sehemu ya nchi ya Morisi.

Bahasha ya tatu, tarehe 13: kinapita kaskazini ya ncha ya Madagaska. Waulize wanafunzi ingekuwaje kama kingepita juu ya kisiwa hicho chenye milima. Watakaoikumbuka sufuria iliyoepuliwa watajibu vema.

Bahasha ya nne, tarehe 14: kimeingia Mayotte kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Mitaa ya nyumba za mabati iliangushwa, na watu wapatao 40 walikufa. Kisiwa hicho hakikuwa kimepigwa na kimbunga kikali kama hicho kwa miaka 90 hivi.

Simama hapa. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kuuliza lile swali ambalo lazima litakuwa limemjaa moyoni: je, kitafika kwetu? Usilijibu. Waache waweke rula juu ya Agaléga na Mayotte, kisha wauendeleze mstari kuelekea magharibi.

Bahasha ya tano, tarehe 15: kimetua Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba wa Msumbiji, asubuhi. Katika nchi hiyo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Bahasha ya sita, tarehe 16: kikiwa kimekwisha punguza nguvu, kiko kusini mwa Malawi, karibu na latitudo 15 na longitudo 35. Baada ya hapo kilielekea Zimbabwe na kufifia kabisa. Nchini Malawi pia walikufa watu zaidi ya 10.

Wanafunzi watagundua kwamba mstari wa rula uliwafikisha karibu na pale pale. Watafurahi, na mwalimu asiwanyime furaha hiyo. Lakini mara moja awape mfano wa pili: kimbunga Freddy cha mwaka 2023. Hicho kilivuka Madagaska tarehe 21 Februari, kikaingia Msumbiji tarehe 24 Februari, kikarudi baharini, kikapata nguvu upya, na tarehe 11 Machi kikaipiga Msumbiji mara ya pili kabla ya kuingia Malawi. Hakuna rula ambayo ingeichora safari hiyo. Hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini watabiri hutoa taarifa mpya kila siku, na kwa nini taarifa ya juzi haifai kutumiwa leo. Utabiri uliobadilika haukuwa uongo. Ulitolewa kwa maarifa ya siku ile.

Hesabu za Kasi

Somo hili huungana vizuri na Hisabati. Kutoka Mayotte hadi Mecúfi ni kiasi cha sentimeta 9 ubaoni, yaani kilomita 500. Safari hiyo ilichukua karibu saa 24. Kwa hiyo kimbunga kilisafiri kwa kasi ya kilomita 21 hivi kwa saa, kasi ya baiskeli inayokwenda mbio.

Wanafunzi wengi watashangaa: iweje kitu chenye upepo wa kilomita 200 kwa saa kisafiri kama baiskeli? Hii ndiyo nafasi ya kutenganisha kasi mbili. Chukua pia, uizungushe huku ukiisogeza polepole juu ya meza. Pia inajizungusha kwa kasi kubwa, lakini inahama kwa kasi ndogo. Kasi ya kwanza hubomoa nyumba. Kasi ya pili hutupa muda wa kujiandaa.

Sasa wape swali la maana kuliko yote. Kutoka Mecúfi hadi Mbamba Bay ni sentimeta 12 hivi, yaani karibu kilomita 670. Kama kimbunga kingegeuka na kuja kwetu kwa kasi ile ile, kingechukua saa ngapi? Jibu ni karibu saa 32, yaani siku moja na saa nane. Acha kundi moja liorodheshe mambo yanayoweza kufanywa katika saa 32: kuvuta mitumbwi juu ya nchi kavu, kutotoka usiku kuvua, kufunga mabati, kuhamisha nafaka, kuwahamisha wazee wanaoishi kando ya mito. Lingine liorodheshe yanayoweza kufanywa katika saa mbili. Tofauti ya orodha hizo mbili itasema zaidi ya maelezo yoyote ya mwalimu kuhusu faida ya taarifa iliyotolewa mapema na kusikilizwa mapema. Aongeze tu kwamba mvua na upepo hutangulia, na kwamba kimbunga kinachopita nchi kavu masafa hayo hudhoofika sana.

Upepo Utatoka Wapi?

Liweke duara la karatasi juu ya Mecúfi, kisha umwulize mwanafunzi aliyesimama kwa niaba ya Mbamba Bay, "Upepo wa kimbunga ungekufikia ungetoka upande gani?" Wengi watajibu mashariki, kwa kuwa kimbunga kiko mashariki. Walifuate duara. Upande wake wa kaskazini-magharibi mishale hutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Hapo wafundishe kanuni inayotumika kusini mwa ikweta: ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko upande wa mkono wako wa kuume. Watoke nje wajaribu. Waonye, hata hivyo, kwamba katika ufuko wa ziwa upepo wa mchana kutoka ziwani na upepo wa usiku kutoka nchi kavu huificha kanuni hiyo siku nyingi.

Kimbunga kilicho mbali huweza pia kuzibadili mvua zetu. Mara nyingine huvuta hewa yenye unyevu kutoka magharibi na kutuongezea mvua. Mara nyingine huuvuta unyevu huo kwake na kutuachia siku kavu. Kwa hiyo shule iwe na kipima mvua. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, chenye mdomo na kitako vya upana mmoja, chafaa: kiwekwe mahali pa wazi, maji yapimwe kwa rula kila asubuhi saa tatu, yaandikwe kwa milimeta, kisha yamwagwe. Katika milima ya Umatengo mwanafunzi alinganishe vipimo hivyo na hali ya ngoro za shamba la nyumbani. Ngoro zimebuniwa na wazee ili kuyazuia maji ya mvua yasichukue udongo wa miteremko. Mtoto atakayeona kwamba mvua ya milimeta 40 imebaki ndani ya mashimo, na nje ya mashimo imechimba mfereji, amefunzwa na ardhi yenyewe.

Na hapa pana onyo la kusisitizwa. Watu husikia kwamba kimbunga "kimefifia" wakadhani hatari imekwisha. Freddy kilipofika kusini mwa Malawi upepo wake ulikuwa umepungua, lakini mvua iliyonyesha siku kadhaa mfululizo iliporomosha milima katika eneo la Blantyre, na nchini humo walikufa watu zaidi ya 600. Katika nchi ya miteremko kama Mbinga, kilichobaki cha kimbunga ni maji, na maji hayahitaji upepo ili yaue.

Daftari la Nguzo Tatu

Baada ya somo, kila kundi lifungue daftari lenye nguzo tatu: Tumeona, Wametabiri, Imesemwa. Katika nguzo ya kwanza huandikwa yale tu yaliyopimwa au kuonwa na wanafunzi wenyewe, kama milimeta za mvua, upande wa upepo na hali ya mawimbi. Katika nguzo ya pili huandikwa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pamoja na tarehe na saa ya kutolewa kwake. Wajifunze ngazi za taarifa hizo: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Katika nguzo ya tatu huandikwa yanayosikika sokoni, njiani na katika simu.

Kila Ijumaa darasa liulize: kipi cha nguzo ya pili kimethibitishwa na cha kwanza? Kipi cha nguzo ya tatu hakina mwenyewe? Mwalimu asiidharau nguzo ya tatu. Mvuvi mzee wa Liuli anayesoma rangi ya maji na mwendo wa mawingu ana elimu, na yafaa aalikwe darasani kwa heshima yake. Lakini maneno yake nayo yaandikwe na kupimwa, kama yanavyopimwa ya mtabiri.

Tahadhari kwa Mwalimu

Usifundishe somo hili kwa kutisha. Darasani mwako huenda yumo mtoto ambaye ziwa limekwisha kumchukulia ndugu. Taja vifo kwa kifupi na kwa adabu. Usiwaahidi watoto kwamba kimbunga hakiwezi kufika, wala usiwaambie kwamba kitafika. Waambie lililo kweli: kwamba kabla hakijafika huonekana, hufuatwa na kutangazwa, na kwamba anayeijua ramani anaweza kuielewa taarifa na kuwafafanulia wa nyumbani kwao.

Zoezi kwa Walimu Wanachuo

1. Andaa andalio la somo la vipindi viwili kwa kutumia bahasha sita zilizoelezwa hapo juu. Onyesha maswali utakayouliza kabla ya kufungua kila bahasha.

2. Kimbunga Dikeledi kilipita kaskazini mwa Madagaska tarehe 11 Januari 2025, kikapita karibu na Mayotte siku iliyofuata, na kutua katika jimbo la Nampula, Msumbiji, tarehe 13. Kiweke katika ramani ile ile, ukilinganishe na Chido.

3. Tengeneza kipima mvua kwa vitu vinavyopatikana kijijini, na uandike vipimo vya siku 14 mfululizo.

4. Sikiliza taarifa moja ya hali ya hewa redioni. Iandike upya kwa maneno ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kumpelekea baba yake ufukweni bila ya kuongeza wala kupunguza neno lenye maana.